Boti hii au ile ijayo? Hesabu iliyojificha Bandari ya Juba

WAHENGA wa Kiswahili walituachia methali mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Ya kwanza yasema subira huvuta heri. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mfanyabiashara aliyesimama ukingoni mwa Bandari ya Juba alfajiri, fedha zake zikiwa zimefungwa pembeni mwa kanga, hawezi kuzitii zote mbili kwa wakati mmoja. Boti ya samaki wakavu kutoka Terekeka imefunga kamba. Bei si mbaya. Je, anunue sasa, au aingoje boti ya pili ambayo huenda ikawa nafuu zaidi, huku akijua fika kwamba akigeuza kichwa tu mzigo huu utakuwa umekwishachukuliwa na mwingine?

Watu wengi hudhani swali la namna hii huamuliwa kwa bahati au kwa uzoefu peke yake. La hasha. Lipo tawi zima la hisabati linalolishughulikia, nalo huitwa nadharia ya kusimama kwa wakati bora: unaona mambo yakija moja baada ya jingine, hujui yajayo, na unatakiwa kusema "hapa basi" kabla hujachelewa. Mimi ni mwalimu wa hesabu niliyesomea uhamishoni nchini Kenya kabla ya kurudi, na kila nikitaka kulieleza jambo hili kwa wanafunzi wangu sioni mfano bora kuliko bandari yetu. Sababu ni kwamba pale bandarini nadharia hii hukutana na nyingine, ile ya grafu.

Neno grafu lisimtishe msomaji. Hapa si ule mchoro wa mstari unaopanda na kushuka kuonyesha bei ya mafuta. Grafu ya wanahisabati ni nukta zilizounganishwa kwa mistari, basi. Nukta ni miji, mistari ni njia. Ilianza na Leonhard Euler, ambaye mwaka 1735 aliwasilisha mbele ya chuo cha sayansi cha Saint Petersburg jibu la fumbo la mji wa Königsberg: je, mtu anaweza kutembea na kuvuka madaraja yote 7 ya mji huo, kila moja mara moja tu? Euler alionyesha kwamba haiwezekani, na hakuhitaji kwenda kutembea. Alihesabu tu ni madaraja mangapi yanagusa kila upande wa nchi kavu.

Sasa tuchore Juba. Kusini mwetu mto una maporomoko, kama yale ya Fola karibu na Nimule, hivyo meli haipandi kwenda Uganda. Bidhaa za Mombasa na Kampala huja kwa lori kupitia Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi hapa. Kaskazini mwetu mto unapitika kwa matishari, kama kilomita 1,400 hadi Kosti nchini Sudan. Kwa hiyo Juba ni nukta ambapo mtandao wa barabara unakabidhiana mzigo na mtandao wa maji. Wanahisabati wana jina la nukta ambayo ukiiondoa mtandao unakatika vipande viwili: huiita nukta ya kukata. Mstari wenye tabia hiyo hiyo, cha ajabu, wao huuita daraja. Hadi Mei 2022, Daraja la Uhuru lilipofunguliwa, Daraja la Juba lilikuwa daraja kwa maana zote mbili, ya saruji na chuma na ya kihisabati. Likifungwa, malori ya Nimule hayana pa kuvukia kuingia mjini.

Boti nne

Turudi kwa mama wa samaki. Tuseme leo zitakuja boti 4, kila moja na bei yake, na hajui zitafuatana vipi. Anataka ile iliyo nafuu kuliko zote, na akiikataa moja haitamrudia. Akichukua ya kwanza bila kufikiri, ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuipata iliyo bora.

Boti 4 zinaweza kufuatana kwa namna 24. Nimewahi kuwapa darasa langu kazi ya kuziandika zote ubaoni, kazi ya dakika kumi na kelele nyingi. Mama akichukua ya kwanza daima, anashinda katika namna 6 kati ya 24. Akiiacha ya kwanza ipite, akiitumia kama kipimo tu, kisha akanunua ile ya kwanza kuwa nafuu kuliko kipimo hicho, anashinda katika namna 11. Akiacha mbili zipite ndipo aanze, anashinda katika namna 10. Hivyo basi kuacha moja ndio uamuzi bora, na ameongeza nafasi yake karibu maradufu bila kutoa hata senti moja ya ziada.

Boti zikiwa 12, hesabu ile ile inamwambia aache 4 na aanze kununua kuanzia ya 5 akiona iliyo nafuu kuliko zote zilizotangulia. Nafasi yake ya kuipata iliyo bora ni kidogo chini ya asilimia 40. Idadi ikikua sana, sehemu ya kuacha hukaribia asilimia 37 ya jumla, na nafasi ya kushinda nayo hukaribia asilimia 37. Boti elfu moja, nafasi bado ni ile ile! Kwa wanaopenda, namba hiyo ni 1 gawanya kwa 2.718, namba ambayo wanahisabati huiandika kwa herufi e. Fumbo hili lilipata umaarufu Februari 1960, Martin Gardner alipoliandika katika safu yake ya jarida la Scientific American.

Mwanafalaki Johannes Kepler alikumbana nalo mapema zaidi, ila si katika samaki. Mkewe alifariki mwaka 1611, naye akawapima wanawake 11 kabla ya kuoa tena mwaka 1613. Aliyemwoa, Susanna Reuttinger, alikuwa wa 5 katika orodha. Kwa watu 11, kanuni inasema waache 4 na uanze kuchagua kuanzia wa 5. Lakini Kepler hakusimama hapo: aliendelea hadi wa mwisho, kisha akarudi kwa wa 5 naye akamkubali. Bandarini kurudi nyuma hakupo. Samaki hawamngoji mtu.

Samaki na makaa

Hapo ndipo mtu wa soko atakaponiuliza: mwalimu, mbona unadhani kila mzigo unaweza kulinganishwa na mwingine? Boti hii ina samaki, ile ina makaa, nyingine ina mtama. Ni ipi bora? Swali hili ni zuri kuliko yote, na hapa ndipo grafu inapoingia kwenye suala la kusimama.

Chora nukta kwa kila boti. Chora mshale kutoka boti dhaifu kwenda boti bora pale tu panapowezekana kulinganisha: samaki kwa samaki, makaa kwa makaa. Pasipo na ulinganisho, usichore kitu. Mchoro unaopatikana una boti kadhaa ambazo hakuna mshale unaotoka kwao, maana yake hakuna iliyo bora kuzishinda. Lengo sasa ni kusimama kwenye mojawapo ya hizo. Mwanahisabati J. Preater alithibitisha mwaka 1999 kwamba ipo kanuni moja inayofanya kazi kwa mchoro wowote wa namna hiyo, hata kama mnunuzi hajui mapema utakuwaje, mradi ajue idadi ya boti. Nayo inampa nafasi isiyopungua 1 kati ya 8. Mwaka 2010 Ragnar Freij na Johan Wästlund waliipandisha hadi ile ile 1 gawanya kwa e, yaani asilimia 37. Haiwezi kupanda zaidi kwa michoro yote, kwa kuwa mchoro wa mstari mmoja, ule wa samaki watupu, nao umo ndani yake. Kwa maneno mengine, kuchanganya bidhaa hakumpunguzii mnunuzi nafasi. Wengi wangebashiri kinyume chake.

Lakini ipo habari isiyofurahisha. Mama wa samaki anayejua bei ya boti zote zilizokwishapita ana habari nyingi. Je, mwenye habari za jirani tu?

Fikiria mto wenyewe. Ukishuka kutoka Juba unakutana na Mongalla, Terekeka, Bor, Shambe, Adok, Malakal, Kodok, Melut, Renk na mwisho Kosti. Bandari 11 tukiihesabu na yetu, zimepangwa kama shanga kwenye uzi, na maji yakiwa mshale unaoelekea kaskazini. (Najua wapo watakaonikumbusha kwamba ndani ya Sudd mkono wa Bahr el Zeraf unajitenga na Bahr el Jebel na kurudi kuungana nao mashariki ya Ziwa No. Ni kweli, na ni pete nzuri kwenye grafu, ila matishari makubwa hufuata Bahr el Jebel.) Sasa tuseme mgeni asiyejua ramani amekaa bandarini. Wasafiri 11 wanamjia mmoja mmoja kwa mfuatano wowote, kila mmoja kutoka bandari yake. Hawatamki majina ya miji. Ila msafiri akimwona mtu wa bandari jirani kati ya waliokwisha kufika, watatambuana na kusema nani yuko juu na nani yuko chini ya mto. Mgeni anataka kumkamata yule wa bandari ya mwisho kabisa, papo hapo anapofika.

Fumbo hili la uzi wenye mshale lilitatuliwa na Grzegorz Kubicki na Michał Morayne mwaka 2005. Matokeo yake ni magumu kwa mgeni wetu. Ikiwa bandari ni 100, hata akitumia kanuni iliyo bora kuliko zote, nafasi yake ni karibu asilimia 9 tu, na inazidi kushuka kadiri uzi unavyorefuka: bandari zikiongezeka mara nne, nafasi inapungua kwa nusu. Angeweza kuwalinganisha wote, angebaki na asilimia 37 zake.

Sababu yake mtu anaweza kuiona kwa kalamu na karatasi. Tuseme wasafiri 8 kati ya 11 wamefika, 3 bado. Aliyeingia sasa hivi hana mtu anayesema "mimi natoka bandari inayofuata baada ya yako". Je, yeye ndiye wa mwisho wa mto? Ukizihesabu namna zote ambazo wale 3 wasiojulikana wanaweza kujipenyeza kwenye mapengo na kwenye ncha, jibu ni 1 kati ya 4. Wakiwa 10 hawajafika, jibu ni 1 kati ya 11. Daima ni moja kati ya wasiofika kuongeza moja, hata waliofika wawe wameungana katika vipande viwili au vinne. Ukisimama mapema, umebahatisha. Ukisubiri sana, huenda mtu wako alikwisha kupita ukamwona kama wengine. Kwa bandari 100 wakati wa kuanza kuamini huja wale waliobaki wakiwa wa kadiri ya kumi hivi, kipeuo cha pili cha jumla, wala si baada ya asilimia 37 za mwanzo.

Naliona jambo hili kwenye biashara ya mpakani kila msimu. Mwenye simu na jamaa Gulu, Nimule, Bor na Malakal huwalinganisha wote. Anayejua bei ya kijiji cha jirani tu anacheza mchezo wa uzi. Wote wawili wanaweza kuwa werevu sawa.

Kuhesabu kwa kuanzia mwisho

Hadi hapa tumekuwa tukitafuta iliyo bora kabisa au tukose. Mchuuzi wa kweli haishi hivyo. Anataka faida nzuri kwa wastani. Tuchukue muuza samaki wabichi. Leo watamjia wateja 3, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja atatoa bei yoyote kati ya pauni 20,000 na 40,000 kwa fungu, bila upendeleo. Namba hizi ni za darasani, si za sokoni. Jioni samaki wataoza, kwa hiyo mteja wa tatu atauziwa kwa bei yoyote.

Anzia mwisho. Kwa mteja wa 3, wastani ni 30,000. Basi kwa mteja wa 2, uza akitoa zaidi ya 30,000, la sivyo ngoja. Nusu ya mara atatoa zaidi, kwa wastani 35,000. Nusu nyingine utabaki na ile 30,000 unayoitarajia. Wastani wa hizo ni 32,500. Basi kwa mteja wa 1, usikubali chini ya 32,500. Muuzaji anayefuata ngazi hii atapata wastani wa karibu 33,900, wakati anayemuuzia wa kwanza bila kufikiri atapata 30,000. Tazama pia kwamba kiwango chake kinashuka kadiri jua linavyoshuka. Mama zetu sokoni Konyo Konyo wanajua hilo bila kufundishwa. Hesabu inaongeza tu kiasi cha kushuka.

Hii nayo ni grafu. Kila mteja ni nukta, na kila nukta ina mishale miwili: uza, au ngoja. Kutafuta mpango bora ni sawa na kutafuta njia bora kwenye ramani kwa kurudi kinyumenyume kutoka mwisho wa safari. Mmarekani Richard Bellman aliijenga mbinu hiyo na kuiandikia kitabu mwaka 1957. Mholanzi Edsger Dijkstra aliitoa mwaka 1959 njia yake ya kupata barabara fupi kati ya miji miwili, ambayo ndiyo asili ya mengi yanayofanywa na ramani za simu leo. Wawili hao walikuwa majirani kihisabati zaidi ya inavyosemwa shuleni.

Pale kanuni inapokwama

Ni lazima niseme mipaka, maana nimewasikia vijana wakiitaja asilimia 37 kama hirizi. Kanuni hiyo inadai bei zije bila mpangilio. Fedha haiji hivyo. Waliokuwa Juba wanaikumbuka Desemba 15, 2015, Benki Kuu ilipoacha kuishikilia pauni kwenye 2.96 kwa dola, na kiwango kikaruka hadi 18.5. Aliyekuwa ameshika pauni akingoja dola "irudi chini" hakuwa akichagua kati ya boti zilizochanganywa. Alikuwa mtoni, na mto una upande mmoja wa kwenda. Soko la magendo lilikuwa limekwisha kuonyesha mkondo unakoelekea muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Kanuni inadai pia kwamba mwenye kusimama ni wewe. Mwaka 2012 maelfu ya wenzetu waliotoka Khartoum walikwama Kosti wakisubiri matishari ya kuwaleta kusini. Wengi wao hawakuwa wajinga wa kungoja. Walikuwa na vitanda, makabati na sufuria za maisha mazima, na ndege haibebi makabati. Tishari lilikuwa chaguo linaloeleweka kabisa kwa mwenye mzigo. Kisha serikali ya jimbo la White Nile ikaweka tarehe ya mwisho ya wao kuondoka, na kati ya Mei na Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likawasafirisha karibu watu 12,000 kwa mabasi hadi Khartoum na kwa ndege hadi Juba. Grafu yao ilikuwa imefutwa mstari mmoja na mtu mwingine, usiku kucha. Mwalimu yeyote anayewaambia watu hao kwamba walipaswa kuhesabu vizuri zaidi hajui anachokisema.

Wanahisabati nao wameliona hilo. Christos Papadimitriou na Mihalis Yannakakis waliandika mwaka 1991 kuhusu msafiri mwenye ramani sahihi ambayo baadhi ya barabara zake zimefungwa, ila hajui ni zipi mpaka afike mlangoni mwake. Waliliita tatizo la msafiri wa Kanada, kwa sababu ya theluji. Kwetu theluji hakuna, lakini tope la Agosti lipo, na vizuizi vya barabarani vyenye watu na kamba vipo. Walithibitisha kwamba kupata mpango ulio bora kwa msafiri huyo ni kazi ngumu mno hata kwa kompyuta, ngumu kupita kiasi ukilinganisha na barabara fupi ya Dijkstra. Kila njia panda ni swali la kusimama: uendelee, urudi, au upige kambi hadi njia ikauke?

Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, familia zilizovuka Joda zimekuwa zikifika Renk na swali hilo mkononi. Wengi walipanda tishari hadi Malakal. Ukiwauliza waliofika hadi hapa Juba walivyoamua, watakuambia waliangalia kwanza nani aliyetangulia amepiga simu, na kutoka bandari ipi.